Mukono, kichwa na zamiri: masomo ya watoto wetu katika siku za mashini

(Maneno ya mwalimu muzee wa parokia, yaliyosemwa mbele ya wakristu na wageni wakati wa sikukuu za Jubileo)



     

Kamati ya Jubileo iliniomba niseme juu ya masomo ya watoto wetu, kwa sababu nilishika chaki miaka mingi katika muji huu wa Lubumbashi. Mimi siko mutu mwenye akili kupita wengine. Lakini muzee akikaa pahali pamoja muda murefu, macho yake yanaona mambo yanayopita na mambo yanayorudi.

Ninyi wote munajua mabishano yaliyo kati yetu. Feza za Jubileo zimekusanywa. Mama wenye kuuza makala na unga sokoni walitoa, walimu walitoa, hata wakristu wetu wanaokaa Ulaya walituma zao. Sasa wamoja wanasema: tujenge ukuta na mulango mukubwa wa chuma, kusudi uwe ukumbusho wa Jubileo. Wengine wanasema: tununue ordinateri nyingi kwa masomo ya parokia, kwani dunia inakimbia na watoto wetu wanabaki nyuma. Wa tatu wanasema: masomo ni kazi ya Serkali, siyo yetu. Nitawajibu wote watatu. Ninaomba tu musinikasirikie kama jibu langu halitamupendeza kabisa hata mumoja.

I. Masomo ya wakula-shaba

Kabla njia ya reli haijafika hapa mwaka 1910, kabla muji huu haujaitwa Elisabethville, watu wa inchi hii walijua kuyeyusha shaba. Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mubenedikto aliyekuwa mukubwa wa kwanza wa misioni ya Katanga, aliandika habari yao mwaka 1926. Wanaitwa wakula-shaba. Wakati wa kipwa walichimba majiwe yenye rangi ya majani mabichi, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakavukuta upepo mupaka shaba ikatiririka kama maji. Kisha wakaimimina na kuipa umbo la musalaba. Misalaba ile ilikuwa feza, nayo ilisafiri mbali sana katika biashara ya wazee wetu.

Kijana wa wakati ule alijifunza namna gani? Hakukaa chini kuandika maneno asiyoyafahamu. Alibeba makala, alivukuta, alitazama rangi ya moto, alisikia wazee wakimufasiria sababu ya kila jambo. Tena alifundishwa miiko: nani anaruhusiwa kukaribia tanuru, namna gani kugawanya shaba, namna gani kuheshimu wakubwa na kutunza wadogo. Mukono, kichwa na zamiri vilifundishwa pamoja, siku moja, pahali pamoja. Mushike neno hili vizuri, kwani maneno yangu yote ya leo yanatoka pale.

Ninyi munaosoma Maandiko Matakatifu munakumbuka Bezaleli katika kitabu cha Kutoka. Yeye alikuwa fundi, naye alitumika zahabu, feza na shaba. Maandiko yanatuambia kwamba Mungu alimujaza roho yake kwa ajili ya kazi ile ile ya ufundi. Basi ufundi siyo kazi ya watu wa chini. Ni zawadi ya Roho wa Mungu, na watu wa shaba kama sisi wangepashwa kuwa wa kwanza kulifahamu jambo hili.

II. Mukono pasipo kichwa

Tarehe 26 Mei 1906, Serkali ya Mufalme Leopoldo II na Kiti cha Baba Mutakatifu walipatana: misioni zitapewa udongo, nazo zitafungua masomo na kufundisha watoto kazi za shamba na za mikono. Mwaka ule ule kompani ya Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa, na mwaka 1911 ikayeyusha shaba yake ya kwanza hapa Lubumbashi. Katika mwezi wa Novemba 1911 Wasalesiani wa kwanza walifika, wakiongozwa na Padri Joseph Sak, aliyekuwa baadaye askofu wa Sakania. Walileta roho ya Don Bosco, yule padri wa Torino aliyekusanya vijana wa barabarani na kuwafundisha kushona, kutengeneza viatu, useremala na kupiga chapa. Wengi kati yetu tuko wajukuu wa kazi ile. Hata leo, Salama na Cité des Jeunes ni majina ambayo wazazi wa Lubumbashi wanayajua.

Tuwashukuru wamisionari kwa moyo wote. Lakini tuseme kweli yote, kwani Jubileo pasipo kweli ni ngoma tupu. Serkali ya wakoloni na makompani walitaka mikono ya mutu mweusi. Walitaka ashike nyundo, aendeshe mashini, aandike barua za mukubwa wake. Kujua sababu ya mashini, kuichora, kuiongoza, hiyo ilikuwa kazi ya Muzungu. Universite ya Lovanium ilifunguliwa huko Kinshasa mwaka 1954 tu, na ile ya hapa kwetu mwaka 1956. Mwaka ule wa 1956 Thomas Kanza alipata diploma yake huko Louvain, naye alikuwa Mukongomani wa kwanza asiye padri kuipata diploma ya universite. Kumbe Stefano Kaoze, mutoto wa Marungu, alikwisha kupewa upadri tangu mwaka 1917, nyuma ya kujifunza Kilatini na filosofia! Basi akili ilikuwako. Mulango ndio uliofungwa. Uhuru ulipofika mwaka 1960, tulikuwa na mafundi wengi hodari, lakini enjinieri wetu walikuwa karibu hapana.

III. Kichwa pasipo mukono

Nyuma ya uhuru, sisi wenyewe tulifanya nini? Tulianguka upande mwingine wa njia. Kwa kuwa tulinyimwa kitabu, tulikipenda kitabu peke yake. Kila muzazi alitaka mutoto wake avae shati jeupe, akae ofisi, apige muhuri. Masomo ya ufundi tukayaita kimbilio la watoto wenye akili nzito. Mutoto akikosa katika sekondari, baba alisema: basi, mumupeleke kujifunza useremala. Kama vile Yosefu wa Nazareti alikuwa seremala kwa sababu alikosa mutihani!

Tangu mwaka 1967 tuna Mutihani wa Serkali. Mwanafunzi anasoma ulizo, anachagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa tayari. Sisemi mubaya juu ya mutihani ule. Unawapa watoto wa inchi nzima kipimo kimoja. Lakini sisi walimu polepole tukaacha kufundisha kufikiri, tukafundisha kuchagua. Mwaka 1974 Serkali ilikamata masomo ya Eklezya. Tarehe 26 Februari 1977 mapatano yakayarudisha chini ya uongozi wa Eklezya. Miaka ya mashida ilifuata, na wazazi ndio waliobeba masomo kwenye mabega yao: minervali, prime ya walimu, chaki, hata mabenchi. Hakuna muzazi hapa asiyejua uzito ule.

Sasa nitaungama kosa langu mwenyewe, kwani siwezi kuwahukumu wengine na kujificha. Nilifundisha somo la umeme miaka mingi. Nilichora ampuli ubaoni, nikachora waya, nikaandika majina yote vizuri kwa chaki ya rangi. Wanafunzi walinakili, wakajifunza kwa moyo, wakapata alama nzuri. Siku moja, wakati wa mvua, ampuli ya kalasi yetu ilizimika. Nilijaribu kuigeuza, haikuwaka. Nilitazama wanafunzi wangu waliopata kumi na nane juu ya makumi mbili, walitazama chini. Ndipo kijana mumoja wa nyuma kabisa, ambaye sikumupa hata siku moja alama ya kupita, akaomba ruhusa. Alizima umeme kwanza, akapanda juu ya benchi, akafungua, akakwangua kutu ya waya kwa kisu, akafunga, na mwangaza ukarudi. Baba yake alikuwa fundi wa umeme katika kambi, naye alimusaidia kila Siku ya Posho.

Munafikiri nilimupa alama? Hapana. Nilimuambia: "Asante, rudi pahali pako." Mwisho wa mwaka nilimuandikia kwamba ameshindwa somo la umeme. Ndugu zangu, tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi: nani kati yetu wawili alishindwa?

IV. Shaba inatoka, mutoto anabaki

Zamani tulijibu: hata hivi, Gécamines iko. Mwaka 1986 kompani hii ilitoa karibu toni 476.000 za shaba. Ilikuwa na masomo, hospitali, unga wa kila mwezi. Mutoto wa kambi alijua kwamba atafuata njia ya baba yake. Kisha, mwaka 1990, chimbo la Kamoto liliporomoka, na katika miaka iliyofuata kazi ikashuka kama maji ya kipwa. Mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10.000 waliachishwa kazi katika mupango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengine wako hapa mbele yangu. Munajua hiari ile ilikuwa ya namna gani.

Tulijifunza nini katika mateso yale? Kwamba mutu aliyefundishwa kazi moja tu, kwa kompani moja tu, anaanguka pamoja na kompani. Lakini yule aliyejua kufahamu mashini, siyo kuitumikia tu, alifungua karakana yake chini ya muembe, akalisha watoto wake.

Tutazame vilevile ile njia ya umeme ya Inga-Shaba, iliyomalizika mwaka 1982. Inapita kilometre 1.700 hivi, tangu Inga mupaka Kolwezi, kuleta umeme kwa machimbo. Katika safari yake inapita juu ya vijiji vingi, na watu wa vijiji vile walibaki na taa ya petroli. Maarifa ya dunia nzima yalipita juu ya vichwa vyao, lakini hayakushuka. Ninaogopa kwamba masomo yetu yanaweza kufanana na nguzo zile.

Leo shaba imerudi. Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya toni milioni 3, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Kobalti yetu katika mwaka ule ilikuwa zaidi ya sehemu saba kati ya kumi za kobalti yote iliyochimbwa duniani. Inatiwa katika batri za telefone na za motokari zinazotembea kwa umeme. Katika machimbo mapya, mutu mumoja anakaa mbele ya kioo, akiongoza kazi iliyofanywa zamani na watu wengi. Machimbo yanahitaji mikono michache na vichwa vilivyofunguka vingi. Wakati ule ule, kando ya Kolwezi na Likasi, kuna watoto wanaookota na kuosha majiwe katika saa ya masomo. Mutoto anabeba mgongoni kitu ambacho dunia nzima inakimbilia, naye hajui kusoma jina lake. Jambo hili ni haya kwetu wote, na mbele ya Mungu tutajibu juu yake.

V. Mashini inayojibu

Tangu mwisho wa mwaka 2022 kitu kipya kimeingia katika telefone za watoto wetu: akili ya mashini, kama ile inayoitwa ChatGPT. Unaiuliza, inajibu. Unaiambia iandike, inaandika, kwa Kifaransa safi kupita cha mwalimu.

Mjukuu wangu alinionyesha kazi yake ya masomo juu ya muto Lufira. Maandiko mazuri, hakuna kosa la luga. Lakini ndani yake iliandikwa kwamba Lufira inaingia katika ziwa Tanganyika. Nikamuuliza: "Mjukuu wangu, Lufira inaingia wapi?" Akatazama telefone. Nikasema: "Weka telefone chini. Babu yako aliona muto ule huko Mwadingusha, pahali walipojenga nyumba ya umeme tangu mwaka 1930. Unaenda kuungana na Lualaba." Mutoto akanyamaza, kisha akasema neno ambalo sikulisahau: "Babu, mimi ningejua namna gani kwamba imedanganya?"

Ulizo lile ndilo ulizo la masomo yote ya kesho. Kama kazi ya masomo ni kunakili na kukariri, mashini imekwisha kutushinda, na tunaweza kufunga milango. Lakini kama kazi ya masomo ni kumufundisha mutoto aweze kusema "hili ni kweli, hili ni uongo, na sababu yake ni hii", basi masomo yanahitajiwa leo kupita zamani. Anayejua anaitumikisha mashini. Asiyejua anatumikishwa nayo.

Ninyi munaotaka tununue ordinateri makumi tano, munisikilize vilevile. Nilipokuwa mukubwa wa masomo, watu wenye moyo mwema walitupa ordinateri nane. Siku ya kuzipokea tulicheza ngoma, tukapiga picha. Niliziweka katika chumba, nikafunga mulango, ufunguo ukakaa mufukoni mwangu. Niliogopa wizi, niliogopa umeme unaoenda na kurudi, niliogopa watoto wataziharibu. Na, niseme kweli, niliogopa wanafunzi wataona kwamba mukubwa wao hajui kuzitumia. Niliwaonyesha wageni tu. Miaka ilipita. Siku tulipotaka kuziwasha, tatu peke yake ziliwaka, nazo zilikuwa zimezeeka. Vumbi lilizitumia kupita watoto. Sikuziharibu kwa kuzigusa. Niliziharibu kwa kuzifunga.

VI. Tufanye nini?

Sasa niseme mashauri yangu. Hayahitaji utajiri wa ajabu. Yanahitaji masikilizano na uvumilivu.

Kwanza, tusijenge nyumba kuanzia juu. Mutoto asiyejua kusoma, kuandika na kuhesabu, ordinateri ni kwake kioo cha picha tu. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu luga zetu zitumiwe katika kufundisha. Basi tumuache mutoto wa miaka ya kwanza afahamu hesabu katika Kiswahili anachosikia nyumbani, kisha Kifaransa kitapata musingi wa kusimama. Tangu Septemba 2019 watoto hawalipi tena katika masomo ya msingi ya Serkali, na tunashukuru, kwani wengi waliokaa nyumbani walirudi. Lakini kalasi zimejaa kupita kipimo. Wakristu wenye kujua kusoma vizuri, hasa vijana waliomaliza, waje saa mbili kila Siku ya Posho kusaidia wadogo. Kazi ile haina franga hata moja, lakini ni musingi wa yote.

Pili, tufungue karakana, siyo kwa walioshindwa, bali kwa wote. Kila mwanafunzi, hata yule anayesoma Kilatini, apite pale muchana mumoja kila juma. Afungue redio iliyokufa, atafute sababu. Atengeneze kinga, pompo ya maji, tanuru inayokula makala kidogo. Apime, achore, ahesabu, kisha akate. Mutu akikosea mbao anaona kosa lake kwa macho. Hakuna mwalimu anayefundisha ukweli kupita mbao iliyokatwa vibaya. Mafundi wazee wa kambi wangali hai kati yetu. Tuwaite wakati kungali muda, kwani muzee mumoja akizikwa, karakana nzima inazikwa pamoja naye.

Tatu, ordinateri ziwe chache, kumi zinatosha kuanza, na ziwe na mabamba ya kupokea nguvu ya jua, kwani kura ya muji tunaijua. Na kila mwaka sehemu ya feza iwekwe pembeni, kwa sababu batri zinazeeka, na waliotupa zawadi mara moja hawatatupa kila mara. Zaidi ya yote, ufunguo usikae mufukoni mwa mukubwa. Wanafunzi wenyewe wachague wawili, kijana na binti, wa kulinda chumba kwa zamu. Mutoto akiaminiwa, anajifunza kuaminika.

Ine, binti zetu. Wakati feza ni kidogo, tunajua nani anarudishwa nyumbani kwanza kuuza na kupika. Lakini mwaka 2013, katika barabara kubwa za Kinshasa, waliwekwa maroboti ya kuongoza motokari, marefu kupita mutu. Aliyeyavumbua ni mwanamuke, enjinieri Thérèse Izay, mutoto wa inchi yetu. Baba unayesikia: ile roboti ingebaki wapi, kama wazazi wake wangalisema masomo ya mashini siyo ya binti?

Tano, walimu. Musimudai mwalimu afundishe kitu ambacho hakuna aliyemufundisha. Feza ya kwanza ya mupango huu isinunue mashini. Iwatume walimu wawili katika likizo wajifunze kwa wanaojua, huko kwa Wasalesiani au kwa wenzetu wa Universite ya Lubumbashi, kisha wawafundishe wengine. Ni mimi ninayesema, niliyeogopa ordinateri nane kwa sababu nilikuwa na haya ya kujifunza mbele ya watoto.

VII. Zamiri

Nimesema mukono, nimesema kichwa. Bila zamiri, vyote viwili vinakuwa mutego. Mwizi naye anajua telefone. Wenye kutengeneza silaha wanajua hesabu kupita sisi. Tukifundisha watoto ufundi tu, tutapata wezi wenye diploma.

Papa Leo XIV, alipochaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alifasiria mbele ya makardinali sababu ya jina lake. Alikumbuka Papa Leo XIII, aliyeandika mwaka 1891 barua kubwa juu ya haki za watumikaji wakati viwanda vilipobadilisha dunia. Naye aliona kwamba leo akili ya mashini inaleta mageuzi mengine yanayogusa heshima ya mutu, haki na kazi. Na Papa Fransisko, tarehe 2 Februari 2023, katika uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, aliwaambia vijana wetu watazame mikono yao. Kila kidole alikipa neno lake: sala, jumuia, uaminifu, musamaha, huduma. Hakuwaambia watazame mashini. Aliwaambia watazame mukono, kwa sababu mashini yoyote, hata iwe na akili namna gani, inangoja mukono wa mutu na moyo unaouongoza.

Sasa niwajibu wale watatu.

Wewe unayesema masomo ni kazi ya Serkali: ndiyo, tuidai ifanye kazi yake, tusinyamaze. Lakini mutoto hangoji. Mwaka wake wa kumi hautarudi mara ya pili. Muti unakunjwa ungali mubichi.

Wewe unayetaka ordinateri: utazipata, kidogo, nyuma ya mwalimu na nyuma ya umeme.

Na wewe unayetaka mulango mukubwa wa Jubileo: sikatai. Parokia inapashwa kuwa na ukumbusho. Ninaomba tu mulango ungoje mwaka mumoja. Tujenge karakana kwanza. Kisha watoto wetu wenyewe, chini ya macho ya mafundi wazee, wapime mulango ule, wauchore, wahesabu chuma chake, waukate na kuuunganisha kwa moto. Labda hautanyooka kama ule wa kununua. Lakini kila mara tutakapoingia kusali, tutapita katika kazi ya mikono ya watoto wetu, nao watawaambia wajukuu: chuma hiki nilikikata mimi.

Yule kijana wa nyuma, aliyewasha ampuli yetu, sijui leo yuko wapi. Kama yuko kati yenu, au kama baba yake yuko hapa, ninasema mbele ya mapadri na mbele ya watu wote: mwanangu, unisamehe. Alama yako ilikuwa makumi mbili juu ya makumi mbili. Na kwa kuwa siwezi tena kukuandikia alama ile, ninaomba parokia hii iwaandikie wenzako wanaokuja.

Mungu Baba aibariki Jubileo yetu, na Mutakatifu Yosefu fundi atuombee.